Nipo Guangzhou, nataka kuingia hekalu la Wabudha, utaratibu ukoje?

Wakuu habari zenu. Nimekuja kufuata mzigo, kontena halijajaa bado na nimechoka kuzunguka mtaa wa Xiaobei kuulizana bei tu. Kuna hekalu la zamani katikati ya jiji linaitwa Liurong, lina mnara mrefu wa rangirangi umezungukwa na maghorofa. Nataka nikalione ila sitaki kufanya ushamba mbele ya watu wanaosali. Viatu vinavuliwa? Udi ni lazima kuwasha?

Mzee wa Metro: Nenda mkuu. Viatu huvui, hayo ya kuvua ni Thailand. Ila kizingiti usikikanyage, kiruke, na ndani kwenye masanamu weka simu mfukoni, picha piga uani. Xiaobei panda metro laini ya 5 kituo kimoja tu mpaka Guangzhou Railway Station, hamia laini ya 2 shuka Gongyuanqian, hapo unatembea kidogo.

Mama Vitenge: Udi sio lazima mdogo wangu. Wenyewe wanashika vijiti vitatu wanainama wanachomeka kwenye chungu kikubwa nje, we simama pembeni tu. Epuka tarehe 1 na 15 za mwezi wao wa kuandama, watu wanajaa na moshi mpaka macho yanawasha.

Abuu S: Umekosa pa kwenda mpaka kwenye masanamu?

Mleta uzi: Sheikh naenda kuangalia, sio kusujudu 😂

Kijana wa Historia: Abuu punguza, hata msikiti wa Huaisheng uko maeneo hayohayo, mguu tu, ni kati ya misikiti ya zamani kabisa China, apite kote. Hekalu lenyewe lilianza mwaka 537, mnara ukaungua wakaujenga upya 1097, mita 57 hivi, nje unahesabu ghorofa 9 lakini ndani zipo 17. Jina limetokana na mshairi Su Dongpo, alipita 1100 akakuta miti sita jamii ya mikuyu akawaandikia maneno mawili tu, "Liu Rong", mikuyu sita, basi likaganda. Ukipata muda malizia hekalu la Guangxiao, ndipo Huineng, kiongozi wa sita wa Wabudha wa Zen, aliponyolewa nywele kuwa mtawa mwaka 676, na wanasema nywele zimezikwa chini ya kimnara kilichopo palepale.

Mleta uzi: Asanteni wakuu. Pensi je?

Mama Vitenge: Vaa suruali wewe! Na pasipoti usiiache hotelini.