Picha zangu zinapendwa na wanunuzi lakini wahakiki wanazikataa: nishike njia ipi?

Mchoraji wa Msasani

Ndugu zangu, salaam na heshima kwenu nyote.

Mimi ni mchoraji wa picha za Tingatinga hapa Dar es Salaam, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 11, tangu mjomba wangu aliponikalisha kando yake na kunipa brashi ili nijaze madoa ya chui ambaye yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kumchora. Namshukuru Mungu kwamba picha zangu zinanunuliwa. Twiga wawili chini ya mbuyu, ndege wenye mikia mirefu na soko la kijijini lililojaa watu ndizo picha ambazo wenye maduka huniagiza mara kwa mara, na ndizo zinazolipa kodi ya nyumba na ada za watoto wangu wawili.

Mwaka jana nilipeleka picha 4 kwenye maonyesho ambayo washiriki wake huchaguliwa na jopo, na zote zikakataliwa. Mmoja wa wanajopo alinieleza kwa upole, nami sina kinyongo naye, kwamba mkono wangu ni mzuri lakini picha zangu ni mapambo tu, kwa sababu hazina swali lolote ndani yake. Neno hilo lilinikaa moyoni kwa miezi mingi. Hatimaye nikachora picha 3 zisizofanana na chochote nilichowahi kuchora, zinazoonyesha bonde la Jangwani likiwa limefurika na watu wakihamisha magodoro vichwani, wote wakiwa wametugeuzia migongo. Wahakiki wawili waliziona na kuzisifu, na mmoja akaziandikia makala akieleza kwamba ile migongo ndiyo nguvu ya picha, kwa kuwa inaonyesha jinsi mji unavyowasahau watu wake. Hadi leo hakuna aliyenunua hata moja. Mama yangu mzazi aliponitembelea alizitazama kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akaniomba nimpe ile ya twiga.

Nawaomba ushauri wa kweli. Je, niwafuate wanaonipenda, au niwafuate wanaojua? Na je, ni hakika kwamba hao wa pili wanajua jambo ambalo hao wa kwanza hawalijui?

Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, kabla hujachagua, angalia vizuri hao wanaokupenda ni akina nani.

Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wa mtindo wako huu na mzaliwa wa Tunduru wa mwaka 1932, alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na picha zake ziliuzwa nje ya Morogoro Stores kule Oysterbay, mahali ambapo wageni waliokuwa wakiishi nchini walikwenda kununua mahitaji yao. Wakati huo tayari tulikuwa na wachoraji waliosomea kazi hii. Sam Ntiro alikuwa amepita Makerere, kisha shule ya sanaa ya Slade ya London, na mwaka 1960 Museum of Modern Art ya New York ilikuwa imenunua picha yake. Sisi tuliofunzwa kwa njia hiyo tulizitazama hadibodi za Oysterbay tukaona mtu asiyejua kivuli wala umbali, na tukafundisha hivyo darasani. Tulikosea, na jambo hili linanihuzunisha hadi leo. Mnyama mmoja anajaza ubao mzima, nyuma yake pana rangi moja tupu, na jicho lake linakutazama popote unaposimama. Hakuna cha kuongeza wala cha kupunguza. Alipouawa mwaka 1972 kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu anayetoroka, alikuwa amechora kwa miaka 4 tu. Leo wakusanyaji wa sanaa wanaitafuta kila hadibodi aliyoigusa.

Kwa hiyo mhakiki anaweza kukosea, tena kwa miaka mingi. Hata hivyo, usichukue hadithi hiyo kama kinga. Hadibodi ilipoachwa na kitambaa kikashika nafasi yake, sababu mojawapo ilikuwa kwamba kitambaa hukunjwa kikaingia kwenye sanduku la msafiri. Ladha inayokulisha ni ladha ya mtu atakayepanda ndege keshokutwa. Hao si umma wa Watanzania, na hatuwezi kusema kwamba tumekwisha kuujua umma wetu unapenda nini, kwa sababu ni mara chache tumeuuliza.

Mtumishi wa Galari, Nairobi

Namuunga mkono mwalimu, ila ningependa kumtetea yule mwanajopo. Elimo Njau, mchoraji Mchaga wa Marangu aliyeshiriki kuanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa hapa Nairobi mwaka 1965, alikuwa na kauli mbiu iliyowafikia wachoraji wa eneo letu lote: usiige, kwa maana kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Wengi huielewa kana kwamba inakataza kuwaiga Wazungu peke yao, lakini mtu anaweza pia kumwiga mjomba wake, na anaweza kujiiga mwenyewe. Kaka, twiga hana kosa. Jiulize ni lini mara ya mwisho ulipomchora twiga bila kujua mapema mstari wa shingo yake utaishia wapi.

Kuhusu kuwafuata watu, kuna jaribio moja ambalo hulikumbuka kila ninapomsikia mtu akisema anachora wanachokitaka wengi. Vitaly Komar na Alexander Melamid, wachoraji wawili waliotoka Moscow wakahamia Marekani, waliagiza kura ya maoni mwaka 1993, na Wamarekani 1,001 wakaulizwa wanapenda picha ya namna gani: rangi gani, ukubwa gani, iwe na watu au wanyama. Kisha wakaichora kama ilivyoagizwa. Ikatokea mandhari yenye ziwa, anga la buluu, kulungu, kikundi cha watu, na George Washington amesimama katikati. Waliendelea na nchi nyingine, Kenya ikiwemo, na karibu kila mahali jibu lilikuwa mandhari ya buluu. Kila kitu ndani ya picha ile ya Marekani kilipata kura, lakini nikiitazama simwoni hata mtu mmoja ambaye angeililia ikiibwa. Wastani wa mapenzi ya watu elfu haufanani na mapenzi ya mtu mmoja.

Mama Wawili wa Tabata

Mimi si mtaalamu, lakini ninayo picha ya Tingatinga sebuleni, ya kanga wanaokunywa maji, na nimehama nayo nyumba 3. Sijawahi kuichoka. Naomba tu asiambiwe mtu kwamba furaha ya kutazama picha kila asubuhi kabla ya kwenda kazini ni jambo dogo.

Mzaliwa wa Lubumbashi

Ndugu mchoraji, nimesoma maelezo yako nikamkumbuka marehemu baba yangu, aliyefanya kazi migodini, na sebule yetu ya miaka ya 1970.

Kwetu Katanga, huko Kongo, wakati ule ikiitwa Shaba, wachoraji walipita nyumba kwa nyumba wakiuza picha kwa wafanyakazi na makarani, wala hapakuwa na watalii. Wengi walitaka mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, na wengine walitaka mandhari ya kijiji. Lakini picha nyingine iliyotundikwa sana ilikuwa ile iliyoitwa Colonie belge: mfungwa amelala chini, askari anamchapa, Mzungu anasimama akiangalia. Fikirini jambo hilo. Watu waliorudi nyumbani wakiwa wamechoka, wenye mishahara midogo, walinunua picha ya mateso yao wenyewe wakaitundika juu ya viti vya wageni. Walikuwa na neno la Kiswahili kwa picha za aina hiyo: walisema ni za ukumbusho. Picha nzuri ilikuwa ile inayokufanya ukumbuke na uanze kusimulia, na mgeni aliyeketi chini yake alijua kwamba kuna mazungumzo yanayomsubiri. Tshibumba Kanda Matulu alitokana na desturi hiyo, na katika miaka ya 1973 na 1974 aliichora historia nzima ya nchi katika picha zaidi ya 100, akizieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili chetu.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba watu wa kawaida hupenda picha tamu tu na wahakiki hupenda picha zenye maswali. Baba yangu alikuwa na kipimo chake, kigumu kuliko cha majopo mengi. Ningekuwa wewe, ningemuuliza mama kwa nini alizitazama zile za mafuriko kwa muda mrefu kiasi hicho.

Mchoraji wa Msasani

Nawashukuru sana. Mzee wetu wa Lubumbashi, nilisoma maneno yako usiku nikampigia mama alfajiri.

Kuna jambo ambalo sikulisema mwanzo kwa sababu sikuona kwamba linahusika. Tuliishi Jangwani, na maji ya Desemba 2011 yaliingia ndani kwetu. Nilimuuliza mama kama picha zile zilimuumiza. Akajibu kwamba hapana, maji niliyachora vizuri na hata rangi yake ni ileile, lakini wale watu si wao. Akasema: siku ile tuliitana kwa majina, kila mtu alimtazama mwenzake usoni ili ajue nani hajaonekana, na wewe umechora watu wasiofahamiana.

Nilikaa kimya kwenye simu. Ile migongo niliichora kwa sababu nilijua mhakiki ataipenda, na hilo nalikiri hapa kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimeacha kumfuata mwenye duka nikaanza kumfuata mwandishi wa makala, nikadhani huo ni uhuru.

Mwalimu Mstaafu

Mama yako amefanya uhakiki, mwanangu, na ni bora kuliko ule tuliokuwa tukiufundisha. Usiache kazi za oda, maana ada haingoji, lakini tenga siku 2 za wiki ambazo mwenye duka hana haki nazo. Hizo za Jangwani zichore upya kwa mkono uliopewa na mjomba wako, kwa rangi nzito na mstari safi, wala usiuonee haya mkono huo. Zikikamilika, zionyeshe kwanza kwa majirani zenu wa zamani, hata kama ni kwenye ukumbi wa harusi au baraza la nyumba ya mtu, ukae pembeni usikilize wanavyobishana kuhusu nani ni nani.

Mchoraji wa Msasani

Nitafanya hivyo, mwalimu. Nimekwisha kumwomba mama anitajie majina, na amenipa 14, pamoja na la fundi baiskeli aliyempandisha bibi yetu juu ya paa. Nataka nizichore juu ya hadibodi kama zamani. Je, kuna anayejua duka la Kariakoo ambalo bado linauza rangi ya baiskeli katika makopo madogo, hasa nyekundu na ile ya maziwa?