Gari la puto: vizibo, CD au kandambili?

Mwl_Darasa6: Wadau, Jumatano wanafunzi wangu wanatengeneza magari ya puto, yale yanayosukumwa na hewa inayotoka kwenye puto, mada ya kani. Tutanunua maputo na mirija tu, vingine waokote nyumbani. Nimekwama kwenye magurudumu: vizibo vya chupa za maji, CD kuukuu, au kandambili zilizochoka?

mtoto_wa_uswazi: Kandambili, mkuu! Tumekua nazo. Wembe, msumari wa moto, kwisha kazi.

fundi_redio: Yale yalikuwa ya kuvuta kwa kamba, ndugu yangu. Hapa injini ni pumzi ya mtoto. Raba inabonyea, nguvu yote inaishia humo. Mimi nasema CD. Ila tundu lake ni pana, milimita 15, kwa hiyo gundisha kizibo katikati, ukitoboe ndipo upitishe kijiti.

mama_wawili: Mwanangu alitengeneza la CD mwaka jana. Sebuleni kwenye vigae lilipita chini ya kochi likatokea upande wa pili. Shuleni kwao sakafu ni saruji iliyochimbika. Liliyumba, likalala ubavu hata mita halijamaliza. La mwenzake la vizibo likampita hivi hivi. Mwalimu, sakafu yako ikoje? Na tundu la kizibo liwe katikati hasa, la sivyo gari linachechemea.

fundi_redio: Hapo dada umenishika. Basi vizibo. Ekseli iwe kijiti cha mshikaki ndani ya mrija. Selotepu ishike mrija kwenye boksi, isiguse kijiti. Wengi hukosea hapo, puto linapiga kelele na gari limesimama.

kani_na_mwendo: Mnabishana magurudumu, mdomo wa puto je? Newton aliandika tangu 1687 kwamba kila kani ina kani pinzani iliyo sawa nayo: hapa hewa ikisukumwa nyuma, nayo inasukuma gari mbele. Kimrija cha juisi ya paketi ni chembamba mno, gari linaweza lisiondoke. Mrija mpana sana, linachomoka lakini puto linaisha upesi. Jaribuni bomba la kalamu ya Bic, lifungwe kwa mpira hewa isivuje, lielekee nyuma moja kwa moja.

Mwl_Darasa6: Mrejesho. Sakafu yetu ni saruji. Vizibo na bomba la kalamu: mita 3 na ushei. CD: mita 2, likapinda likagonga mguu wa dawati. Kandambili: sentimita 40, na ndilo lililoshangiliwa kuliko yote.

mtoto_wa_uswazi: Si nilisema!