Rubani wa mabomu awe mfano kwa vijana wa parokia? Nimwelezeje Leonard Cheshire?

MamaWaMtama

Tumsifu Yesu Kristo. Na ninyi msio wa dhehebu letu, habari za jioni.

Nipo Mtama, mkoa wa Lindi. Ni mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, na paroko ameniomba nizungumze na VIWAWA, yaani vijana Wakatoliki wa parokia, kuhusu mlei mmoja (muumini asiye padre wala mtawa) aliyeishi imani yake kwa vitendo. Nimemchagua Leonard Cheshire, Mwingereza, rubani wa Vita vya Pili vya Dunia, aliyekuja kuanzisha nyumba za kutunza watu wenye ulemavu. Nina sababu yangu. Mwanangu wa pili ana mtindio wa ubongo. Ana miaka 14, uzito wake umeanza kunishinda, na kila Jumapili nambeba mgongoni mpaka barabarani ndipo tupate bajaji ya kanisani.

Nilipowadokezea vijana, mmoja akasimama: "Mama, huyo si ndiye alikuwa anachoma miji? Na Nagasaki, Japani, kwenye bomu la atomiki, alikuwepo." Wenzake wakamuunga mkono, nikakosa la kujibu. Huku kwetu vita haiko mbali. Mahiwa ni jirani, pale Waingereza na Wajerumani walipouana Oktoba 1917, na watu wetu walibebeshwa mizigo ya majeshi hayo mpaka wengine wakafia njiani. Siwezi kuwaambia vijana wa hapa kwamba askari ni shujaa tu, basi.

Nimweleze vipi bila kuficha kitu, na bila kumpaka mafuta akawa malaika?

Mwalimu Mstaafu, Masasi

Mama, anza na vita yenyewe. Cheshire alizaliwa Septemba 1917, mwezi mmoja tu kabla ya hiyo Mahiwa yako. Alisoma sheria Oxford, akaingia jeshi la anga. Novemba 1940, wakiwa juu ya Cologne, Ujerumani, ndege yake ilipigwa ubavu ukapasuka wazi, akairudisha nyumbani hivyo hivyo. Akiwa na miaka 25 tayari alikuwa na cheo kikubwa cha kukaa kituoni na kutoa amri. Akakubali kushushwa ili arudi angani, akakabidhiwa kikosi cha ndege za mabomu namba 617.

Jambo la kuwasimulia vijana ni la Limoges, Ufaransa, Februari 1944. Kiwanda cha injini za ndege kilikuwa mikononi mwa Wajerumani, lakini waliokuwa kazini usiku ule ni Wafaransa, wengi wao wanawake. Cheshire alipita juu ya paa mara tatu, chini kabisa, ili watoke wakimbie, ndipo akadondosha alama za moto za kuwaonyesha wenzake pa kupiga. Mwaka huo huo alipewa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, baada ya safari 100 za vita.

Bomu la Nagasaki hakudondosha yeye. Alikuwa ndani ya ndege nyingine, ametumwa na serikali yake kuangalia tu.

MwanaMikindani

Asalaam aleikum. Mimi ni Muislamu, nimsemee kijana: ana hoja. Kuwaonya watu wa kiwanda kimoja hakuwarudishi waliokufa kwenye miji ya Ujerumani, nako alikwenda kupiga. Halafu mama, jihadhari na ile hadithi tamu kwamba aliona Nagasaki, akajutia vita, akajenga nyumba za wagonjwa. Mpaka uzeeni alishikilia kwamba bomu lile lilifupisha vita. Wewe au mimi tunaweza kumpinga, ila tusimsemeshe asichosema. Nikiwa kijana wako, ningetaka kujua ile nyumba ya kwanza ilianzaje hasa.

Mwalimu Mstaafu, Masasi

Ilianza kwa kushindwa, kaka. Baada ya vita alikusanya wanajeshi wa zamani waishi pamoja na kufanya kazi pamoja. Wakatawanyika, yeye akabaki na madeni na jumba kubwa, Le Court, huko Hampshire. Mwaka 1948 hospitali ikamwita: Arthur Dykes, aliyewahi kuwa mmoja wa wale wenzake, anakufa kwa saratani na hana pa kwenda. Cheshire akamchukua. Hakuwa na nesi. Rubani mwenye nishani zote zile akajifunza kumwogesha mtu, kumgeuza, kumwaga choo chake.

Dykes alikuwa Mkatoliki. Akafariki Agosti, na mkesha wa Krismasi wa mwaka ule Cheshire akapokelewa katika Kanisa. Wakati huo wagonjwa wengine walishaanza kuletwa, mmoja wao akiwa bibi kizee asiyeinuka kitandani. Miaka michache baadaye yeye mwenyewe akalazwa kwa kifua kikuu, muda mrefu sana, na nyumba zikaendelea bila yeye. Zikafika mpaka India, na Kenya hapa jirani zipo. Alifariki 1992 kwa ugonjwa wa neva unaomaliza misuli, naye akihudumiwa kama Dykes.

NesiLindiMjini

Shikamoo mama. Mimi nimesoma hapo pa kumbeba mgongoni nikasimama. Acha, utaumia kiuno, na yeye nani atamhudumia? Tandika shuka nene au kitenge mara mbili, mlaze katikati, watu wawili washike ncha, mmoja kichwani mmoja miguuni, mkunje magoti si mgongo. Na kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, asipate vidonda. Waombe hao VIWAWA wajifunze. Nusu saa inatosha.

MamaWaMtama

Marahaba mwanangu, na asanteni wote. Nimezungumza nao jana. Nilisema yote, na ya miji ya Ujerumani pia, na la bomu kama ndugu wa Mikindani alivyonirekebisha. Yule kijana hakukubali kwamba rubani ni shujaa, na sikumlazimisha. Ila nilipofika kwa Dykes aliuliza maswali mengi: maji waliyachotea wapi, alimgeuzaje peke yake, alijifunza kwa nani.

Leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi nikasikia hodi. Ni yeye na mwenzake, wamekuja na shuka.