Mawaziri warudi bungeni ama wabaki nje? Tulinganishe

KondeleStage: Wadau, hii hoja imerudi tena hapa Kisumu, ati mawaziri watoke kwa wabunge kama zamani. Katiba ya 2010 inasema waziri hawezi kuwa mbunge. Wandayi alipoingia baraza la mawaziri 2024 ilibidi aachie kiti cha Ugunja, na watu wa huko wakakaa bila mbunge mpaka uchaguzi mdogo wa Novemba 2025. Zamani angeshika vyote viwili. Afadhali gani?

MwalimuKakamega: Zamani, kwa sababu ya maswali. Waziri alikuwa hapo hapo bungeni, mbunge wako anasimama anamuuliza mbona wakulima wa Mumias hawajalipwa pesa ya miwa, na nchi nzima inasikia. Sawa, bunge la sasa lilibadilisha kanuni mawaziri waje kujibu, lakini wanakuja kama wageni.

BusiaMpakani: Mwalimu, angalia hesabu. Serikali ya muungano ya 2008 ilikuwa na mawaziri 40, ongeza mawaziri wasaidizi, na bunge lote lilikuwa na wabunge 222, sasa nani alibaki wa kuikosoa serikali? Tanzania rais anateua mawaziri kutoka bungeni hadi leo. Mbunge anayetamani uwaziri hapigi kelele, hiyo naona wazi. Mimi nasema wabaki nje.

NakuruMjini: Wako nje saa hii na bado. Mswada wa Fedha 2024, ule wa kuongeza kodi, ulipita bungeni kwa kura 195 dhidi ya 106, vijana wakiwa barabarani hapa Nakuru na kila mahali, na kesho yake rais mwenyewe ndiye akakataa kutia sahihi, akaurudisha akitaka vifungu vyote vifutwe. Yaani wabunge tuliowachagua walisema ndio, na aliyerudi nyuma ni yule mswada ulikuwa wake! Inaniuma mpaka leo. Na mwaka huo huo, katika wale mawaziri wapya wote walioletwa wapigwe msasa, bunge lilikataa mmoja peke yake, Stella Lang'at.

KondeleStage: Lakini Gachagua, naibu rais, walimtoa 2024, bunge 8 Oktoba, seneti 17 Oktoba, theluthi mbili kote kote. Nguvu iko.

NakuruMjini: Iko, ndugu, ila alikuwa ameshakosana na mkubwa wake. Nionyeshe siku walitumia hiyo nguvu mkubwa akiwa hataki.

MamaNyalenda: Wanangu mnaangalia viti, mimi naangalia pesa. Marekani mawaziri pia hawakai bungeni, lakini Congress, bunge lao, ikikataa bajeti ofisi za serikali zinafungwa, 2025 zilifungwa siku 43. Hapa kwetu mbunge anangoja Hazina imtolee CDF, ile pesa ya maendeleo ya eneo bunge, ikichelewa basari zinachelewa, mtoto anatumwa nyumbani na barua ya karo, mama anaenda kupanga foleni kwa ofisi ya mbunge. Mtu wa kungojea hivyo atapinga serikali na nguvu gani? Hiyo basari ipelekwe kaunti yote, mbunge abaki na kutunga sheria na kukagua serikali, mawaziri wabaki nje.

MwalimuKakamega: Mama, na kaunti nayo ikichelewesha?

MamaNyalenda: Nitamfuata gavana, mwalimu. Yeye hapigi kura kwa Mswada wa Fedha.