Kondoo wanaotupa mimba: kuuza, kuchinja ao kubakisha?

Mufugaji_Munigi
Wandugu wafugaji, jambo kwenu wote. Niko huku Munigi, karibu na Goma, nafuga kondoo na mbuzi kidogo. Tangu mvua ianze kondoo wanatupa mimba, huyu leo, mwingine wiki ingine, na si mimba changa, kitoto kinatoka na manyoya na kwato zote zimetimia lakini kimekufa, na kondo la nyuma ni nzito, rangi ya udongo, kama ngozi ya kiatu. Halafu juzi mwingine alishikwa na uchungu tangu asubuhi, kichwa cha mutoto kiko inje lakini miguu haionekane, tulimutoa amekwisha kufa. Inaniumiza sana juu hawa kondoo nimewalea mimi mwenyewe.

Sasa nyumbani tuko na mawazo tatu. Baba mukubwa anasema tupeleke soko wote waliotupa mimba mbele hawajakonda. Muke wangu anasema tuchinje tukule. Mimi nataka kuwabakisha juu wako wazuri, wanazalaka mapacha. Ninyi mungechagua nini? Muke wangu naye ana mimba, na yeye njo anafagiaka zizi, sijui kama iko na shida.

MamaKondoo_Kibumba
Pole sana baba, na pole kwa mama. Nianze na ya mwisho juu iko ya haraka kupita zingine zote: mama asiingie tena mu zizi, ata zile nguo ulivaa wakati wa kuzalisha kondoo asizifue. Vidudu vingi vinavyotoa mimba ya kondoo vinaweza kutoa ya mutu pia. Akisikia homa aende hospitali na amuambie munganga wazi "kwetu kondoo wanatupa mimba", juu bila ile munganga atawaza malaria peke yake. Na maziwa ya mbuzi muchemshe, hakuna kunywa mabichi.

Mimi nabakishaka. Lakini kubakisha si kumuacha katikati ya wenzake! Yule aliyetupa mimba anakaa pembeni wiki tatu hivi, mupaka ule uchafu wa nyuma ukauke kabisa, na unamupa chakula wa mwisho kisha kulisha wengine, usianze naye. Kitoto, kondo na majani alilalia vyote vinaondoka siku ile ile. Huku kwetu ni mawe ya volkano, shimo haiendake chini, imbwa wanafukua na kutawanya ugonjwa mu mutaa muzima, njo maana mimi nachoma kwanza, kisha naweka chokaa na mawe mazito juu yake. Mikono uvae gan, kama haziko sashe mbili zisizo na tundu.

Kaka_Sake
Mimi nasema uza. Kondoo asiyezala anakula majani ya bure, na veterineri naye anataka franka ya kufika, dawa franka, labo franka. Niliuza wangu wote walikuwa na ile shida nikanunua wapya, roho ikatulia. Mutu wa mukini hawezi kungojea mambo ya labo.

Veto_Butembo
Ndugu wa Sake, ya franka nakuelewa, wafugaji wengi wananiambiaka vile. Nimesomea wanyama ku chuo kikuu cha Graben, kule Butembo, nieleze kidogo. Kuuza, kuchinja ao kubakisha, hakuna jibu moja mbele hujajua ni ugonjwa gani.

Kondoo anabeba mimba siku 147 hivi. Kama mimba zinatoka wiki mbili ao tatu mbele ya siku na kondo ni nzito vile mwenzetu alieleza, mimi nawaza kwanza klamidia ya kondoo, kidudu kinachotoa mimba. Sasa sikiliza vizuri: mama aliyetupa mimba juu ya klamidia mara nyingi hatupe tena musimu unaofuata, mwili wake umeshajua ule ugonjwa. Ukimuuza ukanunua mupya ambaye hajaguswa, ukamuingiza mu zizi lile lile, ule mupya njo atatupa. Yaani umeuza mwenye kinga ukanunua asiye na kinga. Toksoplasma iko karibu vile vile, hiyo inatoka ku mavi ya paka ndani ya chakula na majani, ukiangalia zile vifungo nyekundu za kondo unaona alama nyeupe ndogondogo. Hapo pia unabakisha, na chakula unafunika paka asilale juu yake.

Brusela, ugonjwa mwingine wa kutoa mimba, ni mambo ingine. Huyo haubakishe na haumuuzie mufugaji mwenzako, hakuna dawa ya kutegemea, anaondolewa mu kundi na veterineri njo anasema namna gani. Kipimo chake cha Rose Bengale ni cha haraka, tone ya damu na dawa, dakika chache unaona.

Na ile ya kuchinja mimi naiogopa sana wakati huu wa mvua na mbu. Homa ya Bonde la Ufa inatoaka mimba za kila umri kwa pamoja na vitoto vinakufa kwa siku chache. Iligunduliwa Kenya ku kondoo karibu na ziwa Naivasha, ikaandikwa 1931, na jirani zetu Rwanda waliipata 2018 na tena 2022. Mutu anaishika zaidi ku damu na nyama mbichi wakati wa kuchinja. Kwa hiyo mama asichinje, wala wewe, mupaka ujue. Kama ni wengi kwa mara moja, peleka habari IPAPEL, ofisi ya jimbo ya kilimo na mifugo, siku ile ile.

Peleka damu na kipande cha kondo ndani ya kopo safi yenye kifuniko, kwenye barafu lakini isigande, na ifike labo ndani ya siku moja. Kondo linasema mengi kupita damu.

Kaka_Sake
Sikuwaza juu ya ile ya kinga, asante. Lakini basi niuzie bucheri peke yake, si mufugaji, hapo kuna ubaya gani?

Veto_Butembo
Kama majibu yameondoa brusela na homa ya Bonde la Ufa, na hajapigwa shindano ya antibiotike siku hizi, sawa. Kama alipigwa, ngojea siku zilizoandikwa ku chupa. Bila majibu, yule mwenye kuchinja naye ana familia.

Mzee_Rutshuru
Mumesahau ule wa kichwa inje. Mimi nimefuga tangu kijana, nitasema vile nafanyaka. Mutoto anakuja sawa kama unaona kwato mbili za mbele na pua juu yake. Ukiona kusukuma kwa nguvu nusu saa na hakuna kinachosogea, nawa mpaka kiwiko na sabuni, kata kucha, paka mafuta mengi, uingize mukono polepole. Kichwa peke yake bila miguu, usivute kichwa! Ngojea uchungu utulie, rudisha kichwa ndani kidogo kidogo, tafuta muguu, na kwato uifunike ndani ya kiganja wakati unaileta mbele ili isipasue mama. Mapacha hakikisha miguu yote mbili ni ya mutoto mumoja. Kisha vuta wakati mama anasukuma, kuelekea chini, upande wa visigino vyake.

Kati ya kungojea, kuvuta mwenyewe na kuita veterineri, mimi napenda kujaribu dakika chache, nisipoelewa nini naguza napiga simu. Kamba ya watu watatu inaua mama na mutoto pamoja. Akitoka, toa ute puani, muchokoze pua na jani apige chafya, tia iode ku kitovu.

Dada_Keshero
Naongeza tu: wenye mapacha muwape chakula wiki sita za mwisho, juu mutoto anakomaa sana wakati ule. Matembele, dreshi kidogo (yale mabaki ya kutengeneza pombe), chumvi. Ukiona mama amejitenga, hataki kula, anatembea kama haone, usingoje kesho, sukari ndani ya maji na veterineri.

Mufugaji_Munigi
Mungu awabariki. Muke wangu ametoka mu zizi tangu jana, wadogo zangu njo wanafagia na gan. Swali moja: niko na kitoto ambaye mama yake alikufa, na yule aliyepoteza wake analia na maziwa imejaa. Niwaunganishe?

Veto_Butembo
Ni dume ao jike? Kama unawaza klamidia, jike usimupe, anaweza kuishika kwa huyo mama na kutupa mimba yake ya kwanza. Dume wa nyama sawa. Mupake ule ute wa kitoto cha mama ikiwa bado unayo, na uvae gan, ao mufunge kichwa cha mama siku mbili tatu asimupige. Maziwa ya kwanza inatakiwa apate ndani ya saa sita, mililita 50 kwa kila kilo ya mwili.

Mufugaji_Munigi
Ni dume. Nafanya leo jioni. Na kopo ya kondo imekwisha tayarishwa, motari anaipeleka labo asubuhi, baba mukubwa amekubali tungojee majibu mbele ya soko.