Naomba ushauri: rubi za Winza, nikate au niuze hivi hivi?

Wakuu habarini, niko Mpwapwa, kuna jamaa alikuwa anachimba Winza tangu ile rashi ya 2008 (watu walivyokimbilia machimboni), sasa kanilipa deni kwa mawe, mekundu yameiva ila madogo, kubwa ni kama punje ya hindi. Nikimulika tochi kwa nyuma mawili yanapitisha mwanga safi, moja lina ufa umekatiza mpaka ukingoni, mengine giza tupu. Dalali anasema yote ni ya kabochoni tu (yaani kusuguliwa mviringo juu, bila kukatwa pande pande), ila huyohuyo ndo anataka kununua so sijui nimwamini vipi 😂. Lenye ufa nilipasue hapohapo nipate mawili? Maana kwenye kukata zaidi ya nusu ya uzito inaweza kuondoka. Na nikimlipa fundi wa kukata wa Arusha kwa vijiwe vidogo hivi, hela itarudi kweli nikiviuza kwenye pete?