Majirani wa Sofia (kikundi cha simu cha mtaa wa Sofia, Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya): salamu za redioni za saa moja usiku zimeenda wapi?

JUMATATU

Mama Pendo Duka: Jamani, kuna mtu amewasha redio hapo? Saa moja na robo sasa na bado wanapiga muziki mtupu. Leo salamu hakuna?

Boda Steji ya Chini: Hata sisi tunangoja. Wimbo mmoja umerudi mara ya tatu.

Hajati: Asalaam aleykum. Pengine mtoto wetu Bwana Salamu, yule mtangazaji, anaumwa. Juzi nilimsikia anakohoa hewani nikasema huyu anywe tangawizi.

Boda Steji ya Chini: Mimi nimesikia UCC, wale wasimamizi wa mawasiliano, wameifunga redio. Kuna dereva wa lori katoka Iganga, ndiye kasema.

Mwalimu Mstaafu: Boda, redio ikifungwa husikii muziki. Unasikia shhhh mpaka asubuhi. Nilikuwa Kampala Septemba 2009 serikali ilipoizima CBS, redio ya Buganda, nikawa nazungusha kitufe pale 88.8 kila jioni kama mtu anayepapasa mlango gizani. Ilirudi Oktoba 2010. Hii yetu inapiga nyimbo, maana yake leseni ipo na mnara upo. Aliyekosekana ni mtu.

Fundi Mitambo: Ujumbe huu umefutwa

Mama Pendo Duka: Fundi umefuta nini? Nimeona mstari wa kwanza mimi.

Fundi Mitambo: Nilikosea kikundi.

Hajati: Wewe mtoto wa dada yangu, unalala humo humo kwenye redio. Sema.

Fundi Mitambo: Mama mdogo, nikisema hapa kesho bosi anakisoma chote akinywa chai.

Mwenyekiti: Yanayosemwa hapa yabaki hapa. Ni marufuku mtu kupiga picha ya skrini.

Boda Steji ya Chini: Mwenyekiti, si wewe uliyepiga picha yale maneno ya takataka ukayapeleka kwa LC, baraza la mtaa?

Mwenyekiti: Yale yalikuwa maneno ya maendeleo.

Fundi Mitambo: Haya, nasema mara moja kisha nanyamaza. Bwana Salamu hakufukuzwa, maana hata mkataba hakuwa nao wa kufukuzwa nao. Miaka yote hii hajalipwa mshahara. Anakula kamisheni ya matangazo anayoyaleta mwenyewe. Yule wa simiti, yule wa marobota ya mitumba, ile kliniki ya meno, wote aliwatafuta kwa miguu. Sasa amekuja meneja mpya kutoka Kampala. Ijumaa akamwita, akamwambia saa moja hadi saa tatu usiku imenunuliwa na daktari wa mitishamba, miezi sita, fedha taslimu. Yeye ahamie saa tisa usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Mzee akacheka, akachukua koti lake.

Mama Pendo Duka: Saa tisa usiku nani anatuma salamu?

Boda Steji ya Chini: Walinzi. Na watu wa njia za panya wakivusha sukari ya magendo, ila hao hawataki kutajwa majina 😂

Mwenyekiti: Boda, kikundi hiki kina watu wa forodha.

Jirani wa Marachi: Mbona wakati wa kampeni redio hiyo ilikuwa na hela? Walinunua jenereta, wakapaka ukuta, wakaajiri watoto wawili wa kusoma habari.

Fundi Mitambo: Hapo ndipo penyewe. Kampeni zilipokuwepo, kila mgombea alitaka saa yake, kuanzia wa ubunge mpaka wa udiwani. Wengine waligombania hata dakika za kabla ya taarifa ya habari. Kura zikapigwa, saa zote zikarudi tupu, na dizeli haikujua kama uchaguzi umeisha. Wale watoto wawili wa habari waliondoka mwezi uliopita, nyinyi hamkuona tu kwa sababu habari za Kiingereza hamsikilizi.

Jirani wa Marachi: Kweli, hatukuona.

Dada wa Kampala: Poleni wa nyumbani. Huku ndiyo desturi. Mwishoni mwa 2020 wafanyakazi wa redio ya Sanyu waligoma kwa sababu mishahara ilikuwa imekatwa tangu korona iingie. Wakaachishwa kazi. Banange, unawasha redio asubuhi, jina ni lile lile, masafa ni yale yale 88.2, lakini sauti zote ulizozizoea hazipo! Na kabla ya hapo mtangazaji wao Fatboy alikuwa ameshatoka akaanzisha RX Radio ya intaneti. Wenye bando wakamfuata, sisi wa kwenye teksi tukabaki na anachotaka dereva.

Mwalimu Mstaafu: Mnasahau kwamba kabla ya 1993 habari ya mtangazaji kuhama haikuwepo kabisa. Angehamia wapi? Ilikuwa Radio Uganda peke yake, na mtangazaji alikuwa mtumishi wa serikali kama mimi. Akihamishwa, amehamishwa kwa barua. Ikaja Sanyu mwishoni mwa 1993, ikafuata Capital ya William Pike na Patrick Quarcoo, 1996 Buganda wakafungua CBS. Hapo sasa sauti ya mtu ikawa na bei, na mwenye kuongeza dau anaichukua. Marehemu Alex Ndawula, mtangazaji aliyetutoka 2022, mimi na wenzangu tulikuwa tunamtafuta yeye kwanza, jina la kituo baadaye.

Hajati: Mwalimu ya Kampala mimi siyajui. Mimi redio yangu ilikuwa inashika ya hapo ng'ambo Kenya, Leonard Mambo Mbotela na kipindi chake Je, Huu ni Ungwana? Alikianza 1966, na hadi anafariki mwaka 2025 watu bado wanamtaja kwa kipindi hicho hicho. Huyo hakurukaruka.

Dada wa Kampala: Hajati, yule alikuwa na mwajiri wa kudumu. Huyu wetu alikuwa mchuuzi mwenye maiki.

Hajati: Usimwite hivyo. Alimtangaza mbuzi wangu aliyepotea, akapatikana.

JUMANNE

Boda Steji ya Chini: Nani alimsikiliza yule wa mitishamba jana? Chupa moja inatibu presha, madeni na mke mkali. Wateja wangu wawili wameniuliza anakaa wapi.

Mama Pendo Duka: Wa presha au wa mke?

Boda Steji ya Chini: Wa madeni 😅

Mwalimu Mstaafu: Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi ya nchi hii, na shule zikaambiwa zikifundishe. Hapa mpakani, ambako Msamia, Mteso, Mganda na Mjaluo wa ng'ambo wanapatania bei kwa Kiswahili, kilikuwa na saa mbili tu kwa siku. Amepewa mganga.

Fundi Mitambo: Nilisema nimenyamaza, lakini ya leo siwezi kuyameza. Asubuhi meneja ameniambia, tafuta kijana yeyote aendeshe nusu saa ya salamu Jumapili, watu wanalalamika. Sawa. Nafungua kompyuta, folda ya nyimbo za Kiswahili ni tupu. Taarabu hakuna, rumba hakuna. Kumbe zote zilikuwa kwenye ile flashi yake nyekundu anayoivaa shingoni na kamba ya kiatu. Ndiyo maana kila jioni alikuwa anachomeka, anachomoa.

Fundi Mitambo: Halafu mikisa, ile mashine ya kuchanganya sauti. Chaneli ya pili, ile ya simu, kitufe chake kilivunjika zamani. Yeye alikuwa anasukumia kijiti cha kiberiti alichoking'ata ncha, anakipindisha kidogo kulia, sauti ya mpigaji inaingia safi. Nimejaribu asubuhi nzima. Mpigaji anasikika kama yuko ndani ya mtungi.

Mama Pendo Duka: Wakati wa kampeni jenereta walinunua, kitufe kikawashinda?

Fundi Mitambo: Na bado. Namba ya salamu, ile iliyopakwa ukutani nje kwa rangi nyekundu, mnaijua nyote kwa kichwa. Laini ile ameisajili kwa kitambulisho chake mwenyewe. Ameondoka nayo. Meneja kaagiza ukuta ufutwe leo leo. Nikaenda duka la rangi, mwenye duka ni mteja wa Bwana Salamu. Akaniambia, zamani nilikuwa nawakopesha, leo lete pesa kwanza.

Jirani wa Marachi: 😂😂😂

Mama Pendo Duka: Ngojeni. Mimi jana usiku niliituma salamu kwenye namba hiyo hiyo, kwa hasira tu. Nikajibiwa! "Mama Pendo, salamu zimefika. Subiri Ijumaa, Tororo."

Boda Steji ya Chini: TORORO? Kahamia redio ya Tororo?

Hajati: Alhamdulillahi. Kumbe hakuumwa.

Mwalimu Mstaafu: Basi meneja ameuza saa mbili na ametoa bure orodha ya wateja, maktaba ya nyimbo na simu za wasikilizaji. Tororo wamepata redio nzima kwa nauli ya teksi.

Jirani wa Marachi: Mimi nimebaki na kadi za salamu kumi na moja. Nilizinunua pale dirishani kwao, zina muhuri wao. Nani atazisoma?

Fundi Mitambo: Kadi ni za kituo.

Jirani wa Marachi: Kituo ndiyo nani sasa? Yule wa chupa?

Hajati: Na mimi nina langu. Tangazo la harambee ya madrasa nililipia lisomwe mara sita. Limesomwa mara mbili.

Fundi Mitambo: Risiti ipo, mama mdogo?

Hajati: Nilimpa mkononi, hapa mlangoni kwangu. Aliandika kwenye kidaftari chake.

Mwalimu Mstaafu: Hapo sasa tuseme ukweli bila kumpamba mtu. Bwana Salamu ni hodari, lakini alikuwa anauza matangazo kwa mdomo, mengine hayafiki kwenye vitabu vya redio. Mwenye redio ana haki ya kuuliza fedha zake.

Mama Pendo Duka: Mwalimu, ukimfanyisha mtu kazi bila mshahara, utahesabuje mfuko wake?

Mwalimu Mstaafu: Sijasema alipwe hewa. Nasema Hajati anamdai nani?

Mwenyekiti: Hajati anamdai aliyepokea. Tusivuruge.

Hajati: Simdai mtu kwa ubaya. Nataka lisomwe mara nne zilizobaki, na lisomwe kabla ya Jumapili ya wiki ijayo, watu wa Masafu na Majanji wasikie. Wale hawako kwenye hiki kikundi.

Dada wa Kampala: Si mtume kwenye simu tu, mama?

Hajati: Mwanangu, wavuvi wa Majanji usiku wana redio ya betri na taa. Nani anasoma simu kwenye mtumbwi?

ALHAMISI

Boda Steji ya Chini: Ukuta umepakwa. Namba mpya imeandikwa lakini ile nyekundu inaonekana kwa chini. Watu bado wanapiga ya chini.

Fundi Mitambo: Sina la kusema.

Mama Pendo Duka: Na yule kijana wa nusu saa?

Fundi Mitambo: Amepatikana. Anasema "hallo hallo wasikilizaji wangu" kila dakika mbili. Atazoea. Ni mtoto mzuri, analipwa kamisheni.

Mwalimu Mstaafu: Mwambieni adai barua.

IJUMAA

Mama Pendo Duka: Saa moja kasoro tano. Kila mtu atafute Tororo aseme anasikiaje.

Jirani wa Marachi: Marachi safi kabisa! Amefungua kwa rumba, ile ile. Kasema "walioko mpakani najua mnanisikia kwa shida, vumilieni."

Boda Steji ya Chini: Steji ya chini tunapata kwa kukatika. Lori likipita linatuzibia. Nimepanda kwenye rundo la mchanga hapa, nasikia nusu.

Mwalimu Mstaafu: Kwangu sauti inakuja na nyingine ya Kenya chini yake. Anasoma salamu, wao wanasoma bei ya mahindi.

Mama Pendo Duka: Dukani hakuna kitu. Shhhh.

Fundi Mitambo: Sofia tuko bondeni, na zile ghorofa mpya zimesimama katikati. Mawimbi ya FM yanakwenda mnyoofu, hayapindi kona. Wenye kusikiliza kwa simu, waya wa vifaa vya masikioni ndiyo antena yenu. Msiukunje mfukoni, uning'inizeni dirishani. Wenye redio kubwa mnahitaji waya mrefu wa shaba, juu.

Mama Pendo Duka: Nimeuning'iniza kwenye msumari wa kalenda. SUBHANA! Anataja jina langu!!

Jirani wa Marachi: Amekutaja wewe na wa simiti. Wa simiti naye kahamia huko, tangazo lake limepita sasa hivi.

Fundi Mitambo: Wa mitumba pia. Barua yake ililetwa leo mchana. Meneja ameisoma mara mbili kisha akaniuliza Tororo ni kilomita ngapi.

Dada wa Kampala: Wanarusha kwenye intaneti pia? Nitumieni kiungo.

Fundi Mitambo: Bado. Mnara wanao, kiungo hawana.

Hajati: Mimi sisikii lolote. Nimezungusha mpaka mkono unauma. Na tangazo langu?

Mama Pendo Duka: Hajati limesomwa! Sasa hivi, la kwanza baada ya salamu. Amesema "Mama yangu Hajati wa Sofia, nina deni lako la mara nne, hii moja."

Hajati: Amesema hivyo?

Mwalimu Mstaafu: Nami nimesikia, ingawa bei ya mahindi iliingilia kati.

Hajati: Basi zilizobaki tatu nizisikie kwa masikio yangu. Fundi, kesho njoo na huo waya wa shaba unitundikie.

Fundi Mitambo: Nakuja baada ya zamu, mama mdogo. Nautundika kwenye mwembe, ndiyo kilele cha mtaa mzima.

Hajati: Mwembe una nyuki. Upitishie upande wa bafu, na usinikanyagie sukuma zangu.

Boda Steji ya Chini: Ngazi ninayo, namleta Fundi na ngazi pamoja. Mafuta analipa nani?